Majina ya nchi kwa herufi za Kichina na magombo ya ukutani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaotaka jina la nchi yao liandikwe kwa brashi na wino, kisha libandikwe kwenye gombo la hariri la kutundika ukutani. Karibu kila tatizo la magombo haya huanza kabla brashi haijagusa karatasi: mtu ameleta herufi zisizo sahihi, na fundi akaziandika kwa uzuri wake wote. Ndiyo maana maswali ya majina yametangulia, na ya karatasi, wino na utunzaji yamefuata.

Jina la Tanzania linaandikwaje kwa Kichina?

坦桑尼亚, husomwa Tǎnsāngníyà. Herufi hizi zimechaguliwa kwa sauti. Ya kwanza, 坦, peke yake ina maana ya tambarare au uwazi wa moyo. Ya pili, 桑, ni mforosadi, ule mti ambao majani yake huliwa na viwavi wa hariri. 尼 ni mtawa wa kike wa Kibudha, na 亚 ndiyo inayoanza jina la bara la Asia. Mchina anapoisoma Tanzania hafikirii mti wala mtawa, anasikia jina la nchi basi. Hata hivyo ni vizuri kuzijua maana hizo, kwa sababu mgeni atakayesimama mbele ya gombo lako atakuuliza.

Kuna jambo moja katika jina hili ambalo napenda kila Mtanzania alijue. Tanganyika kwa Kichina ni 坦噶尼喀, na Zanzibar ni 桑给巴尔. Angalia herufi ya kwanza ya kila moja: 坦 na 桑. Nchi mbili zilipoungana mwaka 1964 na jina jipya kutangazwa Oktoba ya mwaka huo, Kichina kilipata jina lenye herufi ya kwanza ya Tanganyika ikifuatwa na herufi ya kwanza ya Zanzibar. Muungano umeandikwa wazi pale pale juu ya gombo. Na Wachina wanapofupisha husema 坦桑, ndiyo maana tanzanaiti ya Mirerani wanaiita 坦桑石, yaani jiwe la Tansang.

Na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Oman?

Kenya ni 肯尼亚 (Kěnníyà). Herufi ya kwanza ina maana ya kukubali, kuwa radhi. Magazeti ya China yanapoandika habari za China na Kenya huziweka pamoja 中肯, na herufi hizo hizo mbili kwa Kichina cha kawaida ni sifa ya maneno ya haki yaliyolenga penyewe, ingawa hapo husomwa kwa mkazo mwingine.

Uganda ni 乌干达 (Wūgāndá), Rwanda ni 卢旺达 (Lúwàngdá), Burundi ni 布隆迪 (Bùlóngdí), Oman ni 阿曼 (Āmàn). Katika hizi, Rwanda imepata herufi za kupendeza hasa: 旺 ni kustawi, 达 ni kufika. Msumbiji ni 莫桑比克, na humo utaukuta tena mforosadi wetu. Komoro ni 科摩罗, Zambia ni 赞比亚, Malawi ni 马拉维.

Kongo zipo mbili. Nisije nikaandikiwa ya jirani?

Hofu hiyo ina msingi. Neno 刚果 (Gāngguǒ) linazihusu zote mbili. Wachina huzitofautisha kwa kuongeza kwenye mabano herufi ya kwanza ya mji mkuu: 刚果（金）ni ile ya Kinshasa, kwa kuwa Kinshasa ni 金沙萨, na 刚果（布）ni ile ya Brazzaville. Herufi ya Kinshasa, 金, ina maana ya dhahabu, nayo mtu wa Bunia au Bukavu huipokea kwa furaha.

Mabano lakini hayaandikwi kwenye kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko wa brashi. Hivyo una njia mbili. Ama uandike 刚果 peke yake, herufi mbili kubwa zenye nafasi ya kupumua, na anayekujua atajua ni Kongo ipi. Ama uandike jina kamili, 刚果民主共和国, herufi saba, ambazo zinakaa vizuri kabisa kwenye gombo la wima. Mimi ningechagua jina kamili.

Kwa nini Marekani inaitwa "nchi nzuri" na sisi tunapewa sauti tu?

Marekani, 美国, nayo ilianza kwa sauti. Ilikuwa neno refu la kuigiza "Amerika", likakatwa ikabaki silabi moja, 美, ambayo kweli ina maana ya uzuri, ikaongezwa 国, nchi. Uingereza (英国), Ufaransa (法国) na Ujerumani (德国) zimepitia njia hiyo hiyo. Ni nchi zilizozoeana na China mapema, majina yakafupishwa kwa kutumika sana. Nchi za Afrika Mashariki zilipopata uhuru, mtindo ulishakuwa wa kuandika silabi zote.

Zipo nchi zilizotafsiriwa maana: Afrika Kusini ni 南非, Iceland ni 冰岛, kisiwa cha barafu. Na ukidhani maana ya herufi ina uzito mkubwa katika majina ya sauti, itazame Ureno: 葡萄牙. Mbili za mwanzo ni zabibu, ya tatu ni jino. Hakuna Mreno aliyedharauliwa hapo. Ni sauti.

Nani anaamua herufi zipi zitumike?

Nchini China, shirika la habari la Xinhua lina kitengo chake cha majina ya kigeni, na wizara ya mambo ya nje hutumia majina yaliyokwisha kuwekwa rasmi. Umoja wa Mataifa nao una Kichina miongoni mwa lugha zake sita rasmi, hivyo jina la nchi yako lipo kwenye nyaraka zake.

Taiwan ina orodha yake. Huko Tanzania ni 坦尚尼亞, Kenya ni 肯亞 yenye herufi mbili tu, Rwanda ni 盧安達, Burundi ni 蒲隆地, Zambia ni 尚比亞. Fundi aliyezaliwa Taipei akiandika 肯亞 hajakosea. Lakini ubalozi wa Kenya ulioko Beijing haujiandiki hivyo, na mgeni kutoka bara la China ataona jina limepungua herufi. Amua mapema gombo litatazamwa na nani.

Herufi za jadi au zilizorahisishwa?

Hili ndilo swali ninaloliona zito kuliko yote ya sehemu hii. China ilianza kurahisisha herufi rasmi mwaka 1956. Taiwan, Hong Kong na Macau zimebaki na za jadi. Kwa majina yetu tofauti zinaonekana: 亚 kwa jadi ni 亞, 乌 ni 烏, 达 ni 達, 卢 ni 盧, 刚 ni 剛, 国 ni 國. Nyingine, kama 坦, 桑, 肯 na 尼, hazikubadilika.

Waandishi wengi wa kaligrafia, hata wale wa Beijing na Shanghai ambao barua zao huandika kwa herufi zilizorahisishwa, wakishika brashi hurudi kwenye za jadi. Mifano yote waliyojifunzia ni ya mamia ya miaka kabla ya 1956. Kwa gombo la mkono ningesema chukua za jadi: 坦桑尼亞, 肯尼亞, 烏干達. Hizo ndizo herufi zilizochaguliwa na bara la China, zikiwa zimevaa umbo la jadi, na Hong Kong wanaziandika hivyo hivyo.

Usimruhusu mtu achanganye. Gombo lenye 亚 iliyorahisishwa na 國 ya jadi katika mwandiko ulionyooka linamchoma macho msomaji. Na jihadhari na programu za kubadilisha herufi. Katika jina la Uganda, 干 ya katikati haibadiliki, hata kwa jadi inabaki 干. Lakini kwa maneno mengine herufi hiyo hugeuka kuwa 乾 au 幹, na programu isiyo makini itakuandikia "烏乾達", jina ambalo halipo. Somalia (索马里) na Morisi (毛里求斯) zina mtego wa aina hiyo kwenye 里, ambayo haitakiwi kugeuzwa 裡. Mwombe fundi akutumie picha ya herufi alizokusudia, uzilinganishe moja moja na chanzo rasmi, ndipo aloweke brashi.

Nimeona jedwali linaloonyesha A hadi Z kwa Kichina. Naweza kujiandikia mwenyewe?

Hapana. Kichina hakina alfabeti. Herufi moja ya Kichina hubeba silabi nzima pamoja na maana yake. Jedwali linalokupa alama moja kwa kila herufi ya Kilatini limebuniwa na mtu asiyejua lugha hiyo, na ukiandika "K-E-N-Y-A" kwa kulifuata utapata alama tano ambazo Mchina hawezi kuzisoma kuwa chochote. Wapo waliochanjwa tatuu kwa kufuata majedwali hayo, na ngozi haibanduliwi kama karatasi.

Gombo hilo hilo Mjapani atalisoma?

Herufi atazitambua, jina huenda asilitambue. Japani huandika majina ya nchi nyingi za kigeni kwa katakana, mwandiko wao wa sauti: Kenya ni ケニア, Tanzania ni タンザニア. Hata Marekani, ambayo Wajapani wanaifupisha kwa herufi za Kichina, wao huandika 米国, na 米 ni mchele. Kama rafiki unayempelekea zawadi ni wa Osaka, agiza gombo la Kijapani.

Zanzibar, Mombasa, Malindi: miji nayo ina majina?

Ina majina, na mengine ni ya kale kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1225 Zhao Rugua, afisa aliyesimamia biashara ya bahari katika bandari ya Quanzhou, aliandika habari za nchi aliyoiita 层拔 (Céngbá), ambayo wasomi wanaitambua kuwa pwani ya Zanj, upande huu wetu. Karne mbili baadaye, wakati wa misafara ya baharini ya Zheng He, amiri wa China, kumbukumbu za enzi ya Ming zinaitaja 麻林, Malindi, na mwaka 1415 ujumbe kutoka huko ulimpelekea mfalme Yongle twiga. Wachina walimwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Mogadishu wakati huo iliandikwa 木骨都束.

Leo Malindi ni 马林迪, Mogadishu ni 摩加迪沙, Mombasa ni 蒙巴萨, Nairobi ni 内罗毕, Dar es Salaam ni 达累斯萨拉姆. Mtu wa Malindi anayetaka kitu cha pekee anaweza kuomba 麻林, jina la enzi za Ming, herufi mbili tu. Basi fundi aandike pembeni kwa herufi ndogo kwamba ni jina la kale, ili asije akasahihishwa na kila mgeni.

Ukishazijua herufi za miji utaanza kuzisoma reli pia. TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni 坦赞铁路: 坦 ya Tanzania, 赞 ya Zambia, na 铁路 ni reli. Ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 ni 蒙内铁路, 蒙 ya Mombasa na 内 ya Nairobi.

Kuna mitindo mingapi ya mwandiko, na upi unafaa jina la nchi?

Mitano mikuu. Zhuanshu ni mwandiko wa mihuri, wa mistari ya mviringo yenye unene mmoja, uliowekwa sawa enzi ya Qin zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Lishu ni wa makarani wa enzi ya Han, mpana, wenye mikia inayopanda kulia. Kaishu ni ulionyooka, anaojifunza mtoto shuleni. Xingshu unakwenda kwa mwendo, herufi zikishikana kidogo. Caoshu unakimbia, na Wachina wengi wenyewe hawawezi kuusoma bila mafunzo.

Kwa jina la nchi, achana na caoshu. Jina linatakiwa lisomeke. Kaishu kwa mtindo wa Yan Zhenqing (709–785), nene na wenye mabega mapana, unaipa nchi uzito unaostahili. Ukitaka wepesi, xingshu, ambao kilele chake ni Wang Xizhi wa karne ya 4. Lishu ni chaguo ambalo watu hulisahau, na kwa 坦桑尼亞 mimi nalipenda kuliko yote.

Kwa mtindo wowote, mtihani wa fundi umo ndani ya herufi zenyewe. 坦 ina mistari minane, 桑 ina kumi, 尼 ina mitano tu, 亞 ina minane tena. Ukiziandika kwa ukubwa sawa, 桑 itaonekana bonge na 尼 itaonekana na njaa. Fundi mzuri huibana 桑 kidogo na kuinenepesha 尼. Mtazame anapoandika 桑: juu kuna 又 tatu, na kila 又 ikiwa peke yake huishia kwa mstari mrefu wa kulia unaofunguka kama mguu. Angeiacha miguu yote mitatu, pamoja na wa mti ulioko chini, herufi ingekuwa vurugu. Kwa hiyo kila 又 inafupishwa mguu wake kuwa nukta, na mti wa chini peke yake ndio unaoruhusiwa kuufungua. Herufi moja, mguu mmoja. Hizo 又 tatu zilikuwa majani: kwenye maandishi ya kale kabisa ya mifupani, 桑 ni mchoro wa mti wenye majani.

Karatasi na wino vina tofauti gani na vya dukani?

Karatasi ni xuan, inayotoka wilaya ya Jing mkoani Anhui, ikitengenezwa kwa magome ya mti uitwao qingtan na mabua ya mpunga. UNESCO iliuingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009, mwaka ule ule ilioingiza kaligrafia ya Kichina. Xuan mbichi hunywa wino papo hapo, kwa hiyo hakuna kufuta wala kurudia mstari. Ile iliyotiwa shabu hainywi, nayo inafaa zaidi michoro ya rangi.

Wino wa asili ni masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, yakakaushwa kuwa kipande kigumu. Unakisaga polepole kwa maji juu ya jiwe hadi uzito uupendao. Wino wa chupa si dhambi, mafundi wengi wanautumia. Ila uwe mzuri, kwa sababu ule hafifu hutiririka karatasi inapolowekwa wakati wa kubandika, na kazi yote hugeuka moshi. Brashi ya manyoya ya mbuzi ni laini na hubeba wino mwingi, ya kicheche ni kali na hurudi umbo lake haraka.

Ule muhuri mwekundu unasema nini?

Kwa kawaida ni jina la mwandishi, umechongwa kwenye jiwe laini kama la Shoushan au Qingtian, na kupigwa kwa wino mzito wa madini mekundu ya zebaki yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na nyuzi za mmea. Haufifii upesi. Kando ya muhuri huwa kuna mstari wa herufi ndogo: mwaka, jina, pengine mahali. Mwaka huandikwa kwa mzunguko wa Kichina wa miaka sitini, kwa mfano 2025 ni 乙巳 na 2026 ni 丙午. Kuna magombo ya kibiashara yenye muhuri wa urembo usio na jina la mtu. Uliza. Aliyeandika kwa mkono wake haoni haya kuweka jina.

Gombo lenyewe linatengenezwaje?

Hii ni kazi ya fundi wa pili, na kwa maoni yangu anasifiwa kidogo mno. Karatasi ikishaandikwa huwa imejikunja na kusinyaa mahali wino ulipotua. Fundi wa kubandika huilaza kifudifudi juu ya meza pana, anainyunyizia maji kama ukungu, kisha anainyoosha kwa brashi kutoka katikati kwenda nje hadi isibaki hata kunjo moja. Hapo karatasi imelowa na ni dhaifu kiasi kwamba kucha inaweza kuichana.

Anapaka gundi nyepesi ya wanga wa ngano, anaweka karatasi ya pili mgongoni, anaipiga kwa brashi ngumu ya nyuzi za mnazi wa Kichina ili zishikane. Kisha anainyanyua na kuibandika ukutani kwa kingo tu, ikauke ikiwa imenyooka kama ngozi ya ngoma. Huko inakaa siku kadhaa. Ikitoka, inakatwa kingo, inaungwa na vipande vya hariri pande zote, inapewa mgongo mwingine mzima, inarudi ukutani tena. Mwisho mgongo unapakwa nta na kusuguliwa kwa jiwe laini ili gombo likunjike bila kukwaruza uso, linatiwa ufito juu, mti wa mviringo chini wenye vifundo pembeni, na kamba.

Kazi ya namna hii huchukua wiki, si siku. Mashine huibandika karatasi kwa utando wa gundi inayoyeyushwa na moto, na ndani ya muda mfupi gombo liko tayari. Linapendeza likiwa jipya. Tatizo ni la baadaye: gundi ya ngano huachia kwa maji, hivyo gombo la mkono linaweza kubanduliwa na kubandikwa upya hata baada ya vizazi. Ule utando mara nyingi hauachii bila kuondoka na karatasi. Kama fedha inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, itumie hapa.

Nitajuaje kwamba limeandikwa kwa mkono na si chapa?

Chukua kioo cha kukuzia. Chapa ya kawaida huonyesha vinukta vidogo vilivyopangwa. Mkono huonyesha wino uliotawanyika kidogo kwenye nyuzi za karatasi, ukiwa mzito pale brashi iliposimama na mwepesi pale ilipokimbia. Tafuta mahali mistari miwili inapokatana, kwenye xuan mara nyingi utaona ipi ilitangulia. Tafuta pia michirizi myeupe ndani ya mstari wa kasi, ambapo nywele za brashi ziliachana. Na kama duka lina magombo matano ya 肯尼亞 yanayofanana hadi mchirizi, hayo ni chapa.

Ukubwa gani utoshee nyumba ya kawaida?

Karatasi ya kipimo kinachotumika sana ni sentimita 69 kwa 138. Kwa jina la herufi tatu au nne la wima hukatwa katikati kwa urefu, ikawa upana wa 34 hivi. Ukijumlisha hariri ya juu na chini, gombo linakaribia mita mbili. Pima ukuta kabla hujaagiza, hasa kama kochi lako limeuegemea. Kwa sebule ndogo kuna mlalo, ambao zamani uliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Siku hizi wengine huandika kutoka kushoto, kwa hiyo mweleze fundi unachotaka, au utapata 亞尼肯 mbele ya macho ya asiyejua desturi hiyo.

Jina fupi au jina kamili la serikali?

Fupi. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni herufi tisa, 坦桑尼亚联合共和国, zinazofaa mlango wa ubalozi. Kongo ndiyo ya kipekee, kwa sababu niliyoieleza.

Kuna jambo la dini ndani yake? Nyumbani kwetu ni Waislamu.

Jina la nchi ni jina la nchi. Halina dua wala kafara, na muhuri mwekundu si hirizi. Herufi 尼 peke yake humtaja mtawa, ila ndani ya jina la Kenya au Tanzania ni sauti "ni" tu. Unaponunua gombo lililo tayari dukani ndipo uulize, maana mengine yana 佛, yaani Budha, au maneno ya dini nyingine. Na kama kwenu ukutani kuna Ayatul Kursi, fahamu kwamba Waislamu wa China wana kaligrafia yao ya Kiarabu iitwayo Sini, inayoandikwa kwa brashi, ambayo Haji Noor Deen Mi Guangjiang wa Shandong ameitangaza duniani. Magombo hayo mawili yanaweza kuishi chumba kimoja kwa amani.

Tunaishi pwani. Joto na unyevu havitaliharibu?

Vitaliharibu usipoangalia. Unguja, Tanga au Mombasa wakati wa masika, karatasi na gundi ya ngano ni chakula cha ukungu na cha wadudu. Usilitundike kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua, wala mkabala na bafu, wala mahali jua la mchana linapoingia moja kwa moja, kwani hariri hupauka kabla ya wino. Lisipigwe na hewa ya kiyoyozi usoni, litajikunja kingo. Mvua zikianza kwa nguvu, siku kavu lishushe, lipanguse vumbi kwa brashi laini, likunje bila kulikaza, lifunge kwa kitambaa cha pamba na kuliweka kwenye sanduku lenye kafuri isiyogusana nalo. Kwa desturi magombo hayatundikwi mwaka mzima, hupumzishwa na kubadilishwa. Nairobi, Arusha na Kigali kazi ni nyepesi zaidi, huko adui mkubwa ni jua.

Kulitia kwenye fremu ya kioo kunasaidia, mradi kioo kisigusane na karatasi.

Nataka kumpa zawadi mwenzangu Mchina anayerudi kwao. Nimpe jina la nchi yake au ya kwetu?

Ya kwetu. La kwao analiona kila siku. Unaweza kuongeza 友谊, kwa jadi 友誼, urafiki, neno ambalo kwa Dar es Salaam lina historia yake: kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kwa Kichina kinabeba jina hilo hilo. Mwombe fundi aandike jina la mpokeaji kwenye ule mstari mdogo wa pembeni. Lipate kutoka kwake mwenyewe, kwa herufi zake, kwa kuwa majina mengi ya Kichina yanafanana kwa sauti na kutofautiana kwa maandishi.

Gombo langu limelowa maji ya bomba. Limekwisha?

Huenda bado. Usilikaushe kwa pasi wala juani, na usilikunje likiwa bichi. Lilaze kifudifudi juu ya shuka safi la pamba, mahali pana feni ya polepole, usiliguse upande wenye maandishi. Kama wino ulikuwa mzuri, herufi zitabaki. Kitakachobaki vibaya ni mawimbi na alama za maji kwenye hariri. Likiwa lilibandikwa kwa gundi ya ngano, fundi atalilowesha kwa makusudi, atatoa mgongo wa zamani na hariri, na kulibandika upya. Mweleze tangu mwanzo kama lilibandikwa kwa mkono au kwa mashine, na mpelekee picha ya mgongo pamoja na ya mbele.